Aliyesalimia Kwanza Alikuwa Susi

(Haya niliyaongea Jumamosi asubuhi hapa Ujiji, mbele ya vijana wanaotaka kuanza kazi ya kutembeza wageni kwa miguu, na wazee wachache waliokuja kusikiliza kama nitadanganya. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sijayapiga pasi.)

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Na nyie wadogo zangu mambo vipi, mwakeye wote. Yule pale aliyekaa karibu na mlango najua anataka kutoroka, kaa tu ndugu yangu, siongei mpaka adhuhuri, na nikimaliza tunatoka wote kutembea, maana haya mambo ya kutembeza watu huwezi kufundishwa umekalia kiti cha plastiki.

Wengi hapa mnanijua kwa pikipiki. Mi nilikuwa bodaboda pale stesheni Kigoma, mwisho wa reli, treni ikiingia tunavamia mabehewa, mzungu akishuka na begi mgongoni unasikia Ujiji! Livingstone! Livingstone! utadhani tunauza karanga, kumbe ni jina la yule mmisionari wa Kiskoti aliyewahi kukaa hapa. Ukimpata mmoja unampakia, unamleta mpaka pale makumbusho, anapiga picha, dakika kumi tu, unamrudisha. Hela nilipata, sikatai. Ila kuna siku nimempeleka mama mmoja wa Kijerumani mtu mzima, tunarudi akaniuliza nyuma ya pikipiki, sasa siku ile Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, anamkuta Livingstone, wale watu wengine waliokuwepo walikuwa wakina nani? Nikamwambia sijui. Nikaendesha kilomita zote zile mpaka Kigoma kimya, na swali lenyewe likawa limekaa nyuma na sisi, kama mishikaki.

Ndo nikaanza kusoma na kuwauliza wazee, alafu nikaacha pikipiki nikawa natembeza watu kwa miguu. Kazi yenyewe mjini wanaiita tua gaidi, mama yangu hataki kabisa kulisikia hilo neno, nikiaga naenda kazini anasema sema wewe ni mtembeza wageni, majirani wasije wakakuitia polisi bure.

Sasa kabla sijawapa maneno mengi niwape aibu yangu kwanza. Kundi langu la kwanza la miguu lilikuwa wanafunzi wa sekondari kutoka nje ya mkoa, nimevaa shati la kola, nimesimama chini ya mwembe, nikanyoosha mkono kama waziri anayezindua kisima, nikasema jamani, mwembe huu mnaouona kwa macho yenu ndio Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Kuna mtoto mmoja wa kike mdogo mdogo alikuwa hanisikilizi, anasoma yale maandishi ya Kiingereza pale kwenye mnara kwa kidole. Akanyanyua uso akasema mjomba, mbona hapa wameandika mwembe ULIOKUWEPO hapa wakati ule? Darasa zima lilicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mwalimu wao alinionea huruma akajifanya anaangalia ndege juu. Na mtoto alikuwa sahihi kabisa, mwembe wenyewe ulishakufa zamani, hii miwili iliyopo ni watoto wake, imetokana na ule. Ukiwaambia wageni huu ni mtoto wa ule wanafurahi vilevile, na wewe hujadanganya mtu.

Tangu siku ile nikaapa, simwambii mgeni kitu ambacho sijakisoma mahali au sijakisikia kwa mtu mwenye umri wa kukijua. Nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, twende tukamuulize mzee yule pale barazani. Na mara nyingi mzee yule pale barazani ndo anakuwa sehemu bora ya safari nzima.

Haya, tuingie kwenye lenyewe. Ukimuuliza mtu yeyote duniani Ujiji kuna nini, kama amewahi kusikia, atakwambia wazungu wawili walisalimiana. Basi. Mji mzima, wenye watu, soko, misikiti, wavuvi, umebanwa kwenye salamu moja ya wageni wawili. Na nataka nianze na salamu hiyohiyo, sitaikwepa, maana ukiisoma vizuri jinsi Stanley mwenyewe alivyoiandika, utakuta kuna mtu aliruka foleni.

Msafara wa Stanley unaingia, bunduki zinapigwa hewani, bendera ya Marekani iko mbele, watu wametoka majumbani wamejaa njiani, kelele mtindo mmoja. Katikati ya kelele Stanley anasikia mtu anamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka, habari za asubuhi bwana. Akashtuka. Anageuka anamuona mtu mweusi kavaa nguo nyeupe na kilemba. Wewe nani? Naitwa Susi, mtumishi wa Dokta Livingstone. Akaulizwa, kwani Dokta Livingstone yupo hapa? Yupo bwana, nimetoka kwake sasa hivi. Alafu Susi akachanja mbuga kwenda kumwambia bosi wake kuna mzungu anakuja. Yaani wakati Livingstone anatoka barazani kwake, habari imeshafika, na aliyeileta ni Susi. Salamu maarufu ya dunia, ile ya Dokta Livingstone, bila shaka?, ilikuja ya pili. Na hiyo ya pili yenyewe ina mashaka, maana kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zilichanwa na haijulikani kwa nini, na Livingstone nae kwenye barua zake hakuitaja. Hata tarehe inapingwa, mnara umeandikwa 10 Novemba 1871 kwa sababu Stanley ndo alivyoichapisha, ila Stanley alikuwa ameumwa homa njiani akapoteza hesabu ya siku, na Livingstone hesabu yake ilikuwa inaonesha bado ni Oktoba. Wote wawili wako porini, wote wawili hawajui leo tarehe ngapi, wanagombana na kalenda kama sisi tunavyobishana mwezi umeandama au bado.

Mimi sasa nikimleta mgeni pale mnarani namwambia hivi, simama hapa, we ni Stanley, umechoka, umefika, nani anakusalimia wa kwanza? Wanajibu Livingstone. Nasema hapana, Susi. Hapo hapo unaona sura inabadilika, na kuanzia hapo utamtembeza utakavyo.

Susi alitoka Shupanga, kule kwenye mto Zambezi, Msumbiji ya leo. Mwenzake Chuma alikuwa Myao, aliokolewa akiwa mtoto kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Livingstone alipokufa, tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, hawa na wenzao ndo walioamua mwili urudi kwao. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaufunga kwenye gome la mti, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Februari 1874. Njiani pale Tabora walikutana na Mwingereza mwingine anaitwa Cameron akawaambia jamani mzikeni hapahapa, safari ni ngumu. Wakakataa. Nyie fikirieni, mtu na bunduki zake na madaraka yake anakwambia zika, wewe unasema hapana bwana tunaendelea. Alafu mazishi yakafanyika London, Westminster Abbey, 18 Aprili 1874, na Susi na Chuma hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadae, kaburi limeshafunikwa. Kati ya wale wabebaji alikuwepo mazikoni Jacob Wainwright. Hapa huwa nanyamaza kidogo, siongezi neno, na nyie msiongeze, mgeni mwenye akili atajaza mwenyewe.

Alafu kuna mwingine, huyu ndo kipenzi changu, anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Myao nae, aliuzwa utumwani akapelekwa India, ndo maana ya hilo jina, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Sasa sikilizeni. Februari 1858 Burton na Speke wanafika hapa, ndo tunaambiwa wazungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika. Speke macho yanaumwa haoni vizuri, Burton miguu imekufa ganzi anabebwa. Wagunduzi wawili, mmoja haoni mwingine hatembei! Wako juu kilimani, Burton anaona mstari unang'aa kule chini, anamuuliza Bombay, kile ni nini? Bombay akajibu, mi naona ni maji. Imeandikwa na Burton mwenyewe hiyo, sijaitunga. Kwa hiyo mtu akikuuliza nani aligundua ziwa hili, kwanza mwambie Wajiji walikuwa wanalivua tangu enzi za mababu hawakuhitaji kuligundua, alafu mwambie hata kwenye ule msafara aliyesema ni maji alikuwa Bombay. Na hakuishia hapo. 1871 Stanley anakuja, Bombay yumo, ni kiongozi wa askari wa msafara. 1874 Cameron anakuja, Bombay yumo, ndo mkuu wa msafara. Safari tatu za kuja hapa na mabosi watatu, na kila bosi akirudi kwao anaandika kitabu kikubwa. Bombay hakuandika. Ukitafuta mnara wake hapa Ujiji utatembea mpaka viatu viishe soli.

Mzee wangu ananiangalia hapa mbele kama vile nawachukia wazungu. Sichukii mtu mzee wangu, wazungu ndo wananilisha. Nasema tu hadithi ina watu wengi kuliko wale waliowekewa sanamu mle ndani ya makumbusho.

Sasa twende kwenye kitu ambacho mkikijua hiki tu mtakuwa mmewapita wote wanaoleta watu kwa gari kwa dakika kumi na tano za selfi. Ziwa. Simameni pale mnarani mtazame upande wa maji. Maji yako mbali, si ndio? Unashuka, unapita nyumba, unapita mashimo, unapita watoto wanacheza gololi, ndo unafika ufukweni. Mgeni lazima atauliza, kwani Livingstone hakuishi karibu na maji? Aliishi. Ziwa ndo limehama.

Stanley alirudi hapa mara ya pili 1876, miaka mitano tu imepita, akashangaa. Akaandika kwamba michikichi ile iliyokuwa imesimama sokoni alivyokuja mara ya kwanza, sasa iko ndani ya maji kama futi 100, mita 30 hivi, na ule mchanga waliokuwa wanatembea asubuhi yeye na Livingstone sasa uko ziwani zaidi ya futi 200. Maji yalikuwa yanapanda. Kwa nini? Hili ziwa lina tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga, uko ng'ambo kule Kongo, Cameron ndo aliuelezea 1874 kwamba huo ndo mlango wa ziwa. Na mlango ulikuwa umeziba, mchanga na matete yamekaba, mito yote inamwaga maji ndani na hayana pa kutokea. Ni kama karo jikoni limeziba, bomba linatiririka. Mpaka kama mwaka 1878 hivi maji yakashinda nguvu yakavunja ule uzibe, Lukuga ikafunguka, ziwa likaanza kushuka, likashuka karibu mita 10 ndani ya miaka isiyofika ishirini. Mita 10 wadogo zangu! Kwenye ufukwe wa kwetu ambao umelala kama sahani, mita 10 za kwenda chini ni mamia ya mita za kwenda mbele. Kwa hiyo ukitoka mnarani ukashuka kwenda majini, kuna kipande unakanyaga ambacho enzi hizo mtu angekuwa anapiga kasia. Mi wageni wangu nawaambia wavue viatu tukifika pale penye mchanga mweusi, basi, tumeingia ziwani. Wanacheka. Alafu wanaangalia chini.

Na msidhani ni historia iliyolala. Miaka hii ya karibuni si mmeona wenyewe maji yalivyorudi juu, kule Kibirizi yakaingia mpaka kwenye nyumba, na wenzetu wa Bujumbura nao wakahama mitaa. Bibi mmoja muuza migebuka aliniambia ziwa ni mwenye nyumba, sisi wote wapangaji, likitaka chumba chake linachukua. Nikamuuliza bibi hilo nikawaambie wageni? Akasema waambie, na uwaambie wanunue samaki.

Kwa samaki nimekumbuka soko. Mi ningeweza kuongea soko tu nusu saa. Ujiji ya zamani ilikuwa na vipande viwili, Stanley alivitaja, Ugoy walikaa Waarabu, na Kawele walikaa waungwana, yaani watu huru kutoka pwani, watumwa na wenyeji. Katikati ya maisha yote ni soko. Chumvi kutoka Uvinza, mawese, samaki, meno ya tembo kutoka Manyema ng'ambo kule Kongo, na watu, binadamu, nao walikuwa wanauzwa, nitafika huko. Sasa walikuwa wananunua kwa kutumia nini? Shanga. Na si shanga yoyote, soko la Ujiji lilikuwa na shanga yake, inaitwa sofi, kama kipande cha mrija wa kiko uliovunjika, kabomba kadogo. Wewe umekuja na kitambaa au shanga nyingine ya Bagamoyo, huwezi kununua nayo dagaa. Cameron anaeleza kwamba asubuhi soko linapoanza kuna jamaa wamekaa na mikoba imejaa sofi, unawapa shanga zako wanakupa sofi, unaingia sokoni unanunua, jioni soko likifungwa wauzaji nao wanawarudishia wale jamaa sofi, wanapewa shanga wanayotaka. Hao ni nani kama siyo mawakala? Wamekaa pembeni ya soko, wanakata chao kidogo kuingia, wanakata chao kidogo kutoka! Hamna jipya chini ya jua la Ujiji, kilichobadilika ni mwamvuli tu. Mgeni ukimwambia hili, simama nae kabisa kwenye kibanda cha wakala, mwambie akabadilishe hela, ataelewa kwa mfuko wake.

Sasa watu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, na yule wa simu aweke simu chini.

Njia ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora kuja hapa ni kama kilomita 1,200, na mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha UNESCO kwenye orodha ya kusubiri kuwa urithi wa dunia, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Tunasubiri mpaka leo, lakini tumezoea, sisi ni watu wa treni. Njia hiyo ilibeba pembe na ilibeba watu. Hapa alikaa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mkubwa kutoka pwani, baadae akawa mwakilishi wa Sultani Barghash wa Zanzibar, bendera nyekundu ikapepea hapa, na baada yake akaja Muhammad bin Khalfan, wenyewe walimuita Rumaliza, na jina lenyewe wazee watawaeleza lilimaanisha nini kwa waliokutana nae. Ng'ambo ya ziwa, kule Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wanapigwa risasi sokoni, wanawake wanajitupa mtoni, akarudi Ujiji mgonjwa kavunjika moyo, akakuta na mali zake alizotumiwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa azitunze. Ndo hali aliyokuwa nayo Livingstone wakati Stanley anaingia. Barua yake ya kuhusu Nyangwe ilifika Uingereza ikachoma watu, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa Juni 1873, mwezi mmoja baada ya yeye kufa, hakujua.

Wageni watawauliza, watumwa walifungiwa wapi, nionyeshe nyumba. Msiwaonyeshe nyumba mnayoikisia! Kuna mwenzetu mmoja, simtaji, alikuwa anaingiza watu kwenye banda la kuku la jirani anasema hapa ndo walifungwa minyororo. Mwenye banda alikuja kugundua, na kuku wawili hawapo. Acheni kabisa.

Na la pili, Wamanyema. Hapa Ujiji kila mtaa una Mmanyema, mimi mwenyewe bibi yangu upande wa baba. Watu wetu walivuka ziwa kwa njia nyingi, wengine walivuka na biashara zao, wengine walivukishwa na kamba shingoni, wakafika hapa wakawa Waswahili, wakashika dini, wakajenga, wakaoa, na leo ndo Ujiji yenyewe hiyo, taarabu yake, ngoma zake na misikiti yake. Familia nyingi zinajua zilivukaje na hazisemi. Kwa hiyo usisimame mlangoni kwa mtu na kundi la wageni ukamuuliza eti babu yako alikuwa mtumwa? Hata kama mgeni anakulipa dola. Mi niliwahi kufanya hivyo, nilikuwa sijakomaa, mzee mmoja akanijibu kwa upole tu, mjukuu wangu, wewe wa kwako alikuwa nani? Nikaenda nyumbani nikamuuliza baba. Baba akaendelea kushona wavu. Sijauliza tena.

Mzee akisema mwenyewe, hapo sikiliza, kaa chini, wageni nao wakae chini.

Wajerumani nawapitia haraka maana wana nyumba zao nzuri kule Kigoma wataongelewa na wa kule. Ila mjue kwa nini Kigoma ikawa mji na sisi tukawa mtaa. Ujiji ufukwe wetu uko wazi, upepo unatupiga, maji mafupi, na ziwa lilivyoshuka ndo yakazidi kuwa mafupi. Kigoma kuna ghuba imefichwa, maji yana kina. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika pale Februari 1914, kilomita 1,252, na mzigo mmoja mkubwa ulioletwa ulikuwa meli, ndiyo, meli ilikuja kwa treni, imetengenezwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913 ikafunguliwa vipande ikawekwa kwenye makreti kama 5,000, ikaungwa hapo Kigoma, ikatiwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, mashine wamezipaka grisi kabisa kama mtu anayeweka nguo za sikukuu kwenye sanduku, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi 1927 na jina jipya, Liemba. Na Liemba ni jina Livingstone alilisikia kwa wenyeji kule kusini, ndo walivyoliita ziwa. Angalau hapo wenyeji walipewa jina moja.

Basi, reli ikaishia kule, bandari ikaenda kule, maofisi yakaenda kule. Ujiji ikabaki na watu wake. Mi naona tulipata sisi. Kama bandari ingejengwa hapa, saa hizi mtaa ule wa nyumba za mabaraza ungekuwa yadi ya makontena.

Sasa namna ya kutembea. Tokeni saa moja asubuhi, saa nne jua linaua. Watu wanane wasizidi, wakizidi mnaonekana kama maandamano. Barazani unasalimia kwanza, hata kama umechelewa, shikamoo inachukua sekunde moja na inakufungulia mtaa mzima. Picha hapigwi mtu bila kuulizwa. Wadada wageni waambieni mapema wabebe khanga au mtandio, tunapita misikitini, msiwaambie wakiwa wameshafika na kaptula mkaanza kuangaliana. Na msitembee haraka! Ukimpeleka mgeni kwa kasi anafikiri hakuna kitu cha kuona.

Na msiwakoseshe mafundi wa maboti. Tukishuka ufukweni, kushoto, mtakuta wanaunda boti la mbao kwa mkono, hakuna mchoro hakuna tepu, fundi anaangalia ubao kwa jicho moja kama anamchunguza mchumba. Mwangalieni anavyotia kalafati. Anachukua pamba ameiloweka mafuta, anaisokota kwenye paja mpaka iwe kama utambi, anailaza kwenye mwanya wa mbao mbili, alafu na kipatasi butu na nyundo anaanza kuigonga, tok, tok, tok, anasogea kidogo, tok, tok. Mi niliona kawaida miaka yote mpaka fundi mmoja akaniambia funga macho. Nikafunga. Akasema sikiliza. Mwanya ukiwa haujajaa sauti ni nzito, inadunda kama debe tupu, pamba ikishajaa sauti inakuwa nyembamba, kavu, tok. Anafanya kwa masikio. Anaweza kuongea na wewe habari za Simba na Yanga huku mkono unafanya kazi, sauti ikikaa sawa anahama. Leteni mgeni pale mumfumbe macho. Nina mama mmoja wa Kifaransa alikaa pale saa nzima, nikamuacha, nikaenda kunywa chai, narudi ameshapewa nyundo.

Nadhani boti lenyewe lilivuja, ila hilo ni la fundi na mwenye boti.

Swali? Mmh. Kijana anauliza tutalipwa shilingi ngapi. Swali zuri, ndo la kwanza hata mimi niliuliza. Kwa kuanza mtatembea na mimi bure mara tatu, mnasikiliza tu, mara ya nne mnaongea nyie mimi nasikiliza, mkikosea nakohoa. Mkinisikia nakohoa sana mjue mmeanza kujenga mabanda ya kuku. Baada ya hapo tunagawana, na tutagawana mbele ya wazee hawa, wasije wakasema nimewala.

Haya wadogo zangu, simameni, viti mviweke vizuri, ni vya kuazima. Wazee wangu wanaotaka kuja karibuni sana, tutakwenda mwendo wenu. Tunaanzia juu kwenye miembe, pale mnarani, tunashuka mtaa wa mabaraza, alafu majini. Pale kwa mama wa vitumbua nitapita upande wa pili wa barabara maana ananidai tangu Jumatano, mkimuona msiniite kwa jina.